Haki ya Nafsi Katika Mchana

Somo letu la mara hii limetokana na kosa tulilolifanya sisi wenyewe, nasi twaona ni wajibu wetu kulieleza kabla hatujaeleza jambo lingine lolote. Aliyekosa mbele za watu hana budi kukiri mbele za watu. Na somo lililotoka katika kosa la mwalimu aghlabu huingia moyoni kuliko lile alilolitoa kitabuni.

Katika darsa yetu ya baada ya alasiri alikuwako kijana mmoja, mwuzaji katika duka la nguo. Alikuwa akihudhuria kila siku, akikaa nyuma karibu na nguzo; na akiulizwa swali, hujibu kwa maneno machache, nayo huwa ya sawa. Lakini darsa ikimalizika, wenziwe wakiketi barazani kunywa kahawa na kuzungumza mpaka magharibi, yeye huchukua viatu vyake akenda upande wa bahari, peke yake, kisha hurudi kwa adhana. Watu wakaanza kunong'ona. Huyu akasema kijana ana kiburi, yule akasema ana jambo analolificha. Na sisi watu wa pwani tuna methali yetu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na methali hiyo humfanya kila mnyamavu atazamwe kama wingu jeusi. Badala ya kuwanyamazisha wasemaji, siku moja tulisema darsani, na kila aliyekuwapo akajua ni nani anayekusudiwa, kwamba kondoo aliyejitenga na kundi ndiye aliwaye na mbwa-mwitu. Kijana akainamisha kichwa. Tangu siku ile hakuonekana tena darsani.

Maneno yale yana asili katika hadithi ya Mtume (s.a.w.), lakini sisi tuliyatia mahali si pake. Hadithi ile ilikuja kuhimiza sala ya jamaa, na kijana yule hakuwa ameacha jamaa hata sala moja. Alichokuwa ameacha ni kahawa na mazungumzo ya barazani, na hayo hayakufaradhishwa na mtu yeyote. Basi tulipotambua kosa letu tulirejea vitabuni, tukasoma pia waliyoyaandika wataalamu wa tabia za watu, tuone mtu kama huyu ana haki gani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

WATU WA NDANI NA WATU WA NJE

Mwenyezi Mungu hakuwaumba watu kwa tabia moja. Wako ambao wakikaa na watu huchangamka, na kila mazungumzo yakizidi nao huzidi nguvu. Na wakiachwa peke yao saa mbili huona dunia imewadhikia. Na wako ambao huwapenda watu vile vile, huwahudumia na kuzungumza nao vizuri, lakini mazungumzo na makelele huwapunguza nguvu kama jua lipunguzavyo maji ya birika. Na hawarudiwi na nguvu zao ila kwa kukaa kimya peke yao. Tabibu mmoja wa Uswisi, Carl Gustav Jung, aliandika kitabu mwaka 1921 akazieleza tabia mbili hizi na kuzipa majina ambayo leo yanatumika duniani kote. Sisi katika somo hili tutawaita wa kwanza watu wa nje, na wa pili watu wa ndani. Na ieleweke kwamba watu wengi wako baina ya hawa na hawa, kama vile rangi za mapambazuko zilivyo baina ya usiku na mchana.

Baada ya Jung, mtaalamu mwingine, Hans Eysenck wa Uingereza, alieleza mwaka 1967 kwamba ubongo wa mtu wa ndani huamka upesi zaidi kwa sauti, mwanga na watu, na kwa hivyo hutosheka mapema. Wataalamu waliomfuatia wameona kuwa jambo lenyewe ni pana kuliko alivyolieleza yeye. Walakini mfano wake wafahamika kwa urahisi. Chukua kikombe cha kahawa na kopo la maji, ukavimiminia kutoka katika dele moja. Kinywaji ni kile kile na mmiminaji ni yule yule, lakini kikombe hufurika zamani, na kopo lingali nusu. Hakuna mwenye akili atakayekilaumu kikombe kwa kufurika, wala atakayesema kuwa kikombe kinalichukia dele.

Hapa yatupasa tubainishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kiburi. Mwenye kiburi hujitenga kwa kuwa anawaona watu ni duni. Mtu wa ndani hujitenga kwa kuwa amechoka, naye huenda anawaheshimu watu wale kuliko anavyojiheshimu nafsi yake. Alama ya kuwapambanua ni hii: mwenye kiburi ukimwendea kwa haja hukupa mgongo, na mtu wa ndani ukimwendea kwa haja hukupa sikio.

La pili ni haya ipitayo kiasi, nayo ni khofu ya kuwa watu watamcheka mtu au kumtia ila. Mtu wa ndani aweza kupanda mimbari akakhutubia watu elfu bila ya kutetemeka. Taabu yake huja baada ya kushuka.

La tatu ni ugonjwa wa huzuni. Mtu ambaye zamani alipenda watu na kazi yake, kisha akaacha vyote, hali chakula, halali usiku, wala hafurahii jambo lolote kwa majuma, huyu hakuhitaji kupumzika robo saa. Huyu amehitaji kupelekwa kwa daktari, na jamaa zake wasimwache peke yake.

SHARIA YASEMAJE

Huenda msomaji akadhani kuwa haki ya mtu kukaa faragha kidogo ni jambo lililozuliwa na watu wa mbali katika zama hizi. Sivyo. Na tuanze na kisa kinachojulikana na kila aliyesoma sababu za kuteremka aya.

Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bibi Zainab bint Jahsh alifanya karamu akaalika watu. Anas bin Malik, aliyekuwa mtumishi wake, asimulia katika Sahihi ya Bukhari kwamba watu walikula, kisha wengi wao wakaondoka. Lakini wachache wakabaki wakizungumza. Mtume akajionyesha kama atakaye kuinuka, wao wasiinuke. Akatoka akenda kwenye vyumba vya wakeze kuwasalimu, akarudi, akawakuta wangali wamekaa. Hakuwaambia neno. Ndipo ilipoteremka aya ya Suratul Ahzabu kuwafundisha Waislamu wasiingie nyumba ya Mtume ila kwa idhini, na wakisha kula watawanyike, wala wasikae kwa kuliwazana na mazungumzo; na ikabainisha kuwa jambo lile lilikuwa likimtaabisha, naye akiona haya kuwaambia.

Zingatia kisa hiki, ewe ndugu msomaji. Hakuna mtu aliyekuwa mkarimu kuliko yeye, wala mwenye kuwapenda watu kuliko yeye. Pamoja na hayo alichoshwa na wageni waliopitisha kiasi, akaona taabu kuwaambia. Hali hii ndiyo ile ile ya maelfu ya wapole wa miji yetu, ambao mgeni amewakalia tangu saa nane hata saa kumi na moja, nao watabasamu kwa midomo huku nafsi zao zimekauka. Lau jambo hili lingekuwa ni upungufu wa imani, aya ingekuja kumlaumu mwenye nyumba. Lakini aya iliwaadibu wageni.

Kisha itazame Suratun Nur. Humo tumeamrishwa kwamba tusiingie nyumba za watu mpaka tubishe hodi na kutoa salamu. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, kwani hilo ndilo lililo safi zaidi kwetu. Hodi sisi twaijua sana, na huenda hakuna watu waipigao hodi vizuri kama watu wa pwani hii. Lakini nusu ya pili ya amri tumeisahau. Ni nani katika sisi ambaye ataambiwa mlangoni, "Bwana amepumzika, tafadhali rudi baadaye," akarudi na moyo wake ni mweupe? Aghlabu hurudi amenuna, na khabari hufika msikitini kabla yake kwamba fulani siku hizi amekuwa mkubwa, hataki watu. Na mafundisho ya Mtume ni kwamba mtu abishe hodi mara tatu, na asipopewa idhini arudi zake. Abu Musa al-Ash'ari aliyafanya hayo mlangoni kwa Sayyidna Umar (r.a.), alipoona hakujibiwa akenda zake. Hakununa, wala hakuubamiza mlango.

Katika sura hiyo hiyo zimetajwa nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa nyumbani na watumishi hawana budi kutaka idhini ndipo waingie: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo zao kupumzika, na baada ya sala ya isha. Tazama ule wakati wa kati. Sharia imeutambua mapumziko ya mchana, ikauwekea mlango, na mlango ule ikaufunga hata kwa mtoto wa nyumbani. Yatakuwaje basi ya jirani?

Na mapumziko hayo ndiyo kailula. Masahaba walikuwa wakiyazoea, na siku ya Ijumaa walikuwa wakiyaakhirisha mpaka wamalize sala, kama alivyosimulia Sahl bin Sa'd. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na mwaka 1111, ameitaja kailula katika kitabu chake Bidayatul Hidaya kuwa ni msaada wa kuamka usiku. Lakini akaonya pia kuwa usingizi wa usiku na mchana ukichanganywa usizidi saa nane. Na Imamu huyu huyu, katika Ihya, ametenga mlango mzima wa adabu za kujitenga, akazipima faida zake na madhara yake kama mfanyabiashara apimavyo kwa mizani, wala hakuegemea upande mmoja tu.

Tena kuna kisa cha Salman na Abu Dardaa. Abu Dardaa alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, mpaka mkewe akaacha kujipamba. Salman akamzuia, akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alimsadikisha Salman. Ikiwa nafsi ina haki hata mbele ya ibada za sunna, je, haitakuwa na haki mbele ya mazungumzo ya barazani?

KIDAKA CHA KUPUMULIA

Yuko mtaalamu mmoja wa Kanada, jina lake Brian Little, aliyefundisha katika vyuo vikubwa, na wanafunzi wake walimpenda kwa uchangamfu wake mimbarini. Lakini yeye ni mtu wa ndani. Amesimulia kwamba alikuwa akialikwa kila mwaka kutoa mihadhara katika chuo cha kijeshi kilichokuwa Saint-Jean, kando ya mto Richelieu. Akimaliza muhadhara wa asubuhi, wenyeji wake humtaka akale nao chakula cha mchana. Naye alijua kuwa akikaa nao saa ile, muhadhara wa alasiri utaharibika. Basi akatoa udhuru kuwa yeye hupenda sana kutazama vyombo vya majini, akawa akitembea peke yake kando ya mto mpaka wakati ukafika. Shughuli zilipohamishiwa mahali pasipo mto, akawa akijificha chooni. Na hata huko siku moja akatambuliwa kwa viatu vyake vilivyoonekana chini ya mlango, mtu akaanza kuzungumza naye!

Mtaalamu huyu ameieleza haja ya mtu kuwa na mahali padogo pa kurudisha nguvu baada ya kufanya kazi isiyolingana na tabia yake. Na Susan Cain wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya watu wapole, ameyaeneza maneno hayo duniani. Jina walilolitumia lina maana ya kitundu kilichochongwa ukutani. Na sisi twalo neno letu lenye maana hiyo hiyo, nalo ni kidaka. Katika kuta za nyumba zetu za mawe mlikuwa na vidaka, vitundu vidogo vya kuwekea vitu vya thamani. Basi kila mtu naye atafute kidaka katika mchana wake, aiweke nafsi yake humo kwa robo saa.

Wazee wetu walilijua jambo hili, wakalijenga kwa mawe na chokaa. Zitazame nyumba za kale za Lamu, mji ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Mlangoni pana daka, na hapo ndipo wapita njia na wageni wengi huketi. Ukiingia wakuta kiwanda kilicho wazi juu. Mbele yake kuna msana, na nyuma ya msana kuna ndani. Kila hatua ina watu wake, na kila hatua kelele za njiani hupungua. Mwenye nyumba aliweza kuwa mkarimu dakani na kuwa peke yake ndani, katika nyumba moja na katika saa moja. Leo wengi wetu twakaa katika vyumba viwili vya kupanga, mlango wafungukia ujiani, hatuna daka wala ndani. Na katika chumba hicho hicho kimoja tumeingiza simu ya mkononi, nayo ni baraza lisilofungwa usiku wala mchana, linalomfuata mtu mpaka mtoni. Kwa hivyo kidaka ambacho wazee walikijenga kwa mawe, sisi hatuna budi kukijenga kwa wakati.

Na hapa tuna neno juu ya kisa cha yule Mkanada. Alilazimika kutoa udhuru wa vyombo vya majini kwa sababu wenyeji wake hawakuwa na mila ya kumwambia mgeni arudi baadaye bila ya kumvunjia heshima. Sisi mila hiyo tumepewa katika Kitabu. Basi ni aibu juu yetu kuona watu wapole wa miji yetu nao wakitafuta udhuru wa uongo, huyu akisema kichwa chamuuma, yule akimtuma mtoto aseme, "Baba hayupo," na mtoto akajifunza uongo mlangoni kwa babake.

NAMNA YA KUPUMZIKA

Yafuatayo ni mambo mepesi yasiyohitaji mali.

Kwanza: kuzitumia sala tano. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwambia Bilal awapumzishe kwa sala, yaani sala ilikuwa kwake ni raha, si mzigo. Mwenye duka au afisi atoke kabla ya adhana ya adhuhuri kwa dakika kumi, atawadhe taratibu bila ya kuzungumza, akae mahali pake kimya. Baada ya salamu asikurupuke. Amalize nyiradi zake, kisha akae kidogo. Hii ni robo saa ambayo hakuna atakayemwuliza alikuwa wapi.

Pili: kailula fupi. Mwili una saa yake ya ndani ambayo hulegea baada ya adhuhuri, hata kwa mtu ambaye hakula chakula cha mchana. Wataalamu wa usingizi wasema usingizi wa dakika kumi mpaka ishirini humwamsha mtu akiwa mwepesi. Ukipita nusu saa mtu huingia katika usingizi mzito, akaamka na kichwa kizito. Katika uchunguzi uliochapishwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1994, marubani wa safari ndefu walipewa dakika 40 za kupumzika kwa zamu. Wakalala wastani wa dakika 26, nao wakawa macho zaidi mwishoni mwa safari kuliko wenzao wasiopumzika. Asiyepata usingizi ajilaze tu na kufumba macho. Na mwenye taabu ya kulala usiku apunguze usingizi wa mchana, usije ukamla usiku wake.

Tatu: kutazama viumbe vya Mungu. Stephen Kaplan na mkewe Rachel, wa Marekani, walieleza katika kitabu cha mwaka 1989 kwamba akili iliyochoka kwa kukaza mawazo hupumzika ikitazama miti, maji na mawingu, kwa kuwa vitu hivyo huishughulisha kwa upole bila ya kuilazimisha. Nasi tumepewa bahari bila ya malipo. Kijana wetu alikuwa amelijua jambo hili kabla yetu.

Nne: kuiacha simu. Mtu aliyejitenga na watu kumi barazani, kisha akafungua simu akakutana na watu mia mbili wa WhatsApp, huyo hakupumzika. Amehama baraza dogo akaingia baraza kubwa.

Tano: kugawana mapumziko nyumbani. Mwanamume hupata kisingizio cha kutoka. Lakini mama aliye mtu wa ndani, wageni wake huingia mpaka jikoni, na watoto humfuata mpaka mlangoni mwa choo. Mume awachukue watoto kwa robo saa baada ya alasiri, na chumba kifungwe. Hiyo nayo ni sadaka, tena sadaka iliyo bora ni ile inayoanzia nyumbani.

Sita: katika arusi na matanga. Mtu wa ndani asikimbie. Aende, atoe mkono, afanye kazi yake. Na akiona kikombe kimefurika, atoke nje kidogo, aoshe uso, atembee mpaka pembeni, kisha arudi. Ni kheri kutoka mara mbili na kubaki mpaka mwisho, kuliko kukaa mpaka nguvu zikaisha ukaondoka na hasira.

MIPAKA YAKE

Tusije tukafahamiwa vibaya. Hatusemi kwamba mtu ajifungie nyumbani, wala hatufungui mlango wa utawa, kwani dini yetu haina utawa. Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa muumini achanganyikaye na watu na kuvumilia maudhi yao ana ujira mkubwa kuliko asiyechanganyika nao. Faragha tunayoisema ni ile imwezeshayo mtu kuchanganyika na watu vizuri, kama vile kulala kumwezeshavyo kufanya kazi. Lakini faragha imfanyayo mtu aache sala ya jamaa, asizuru mgonjwa, asifuate jeneza na akate ujamaa, hiyo imegeuka kuwa mtego.

Wala mwajiriwa asiibe wakati wa mwajiri wake kwa jina la kupumzika. Achukue wakati aliopewa, na akihitaji zaidi aombe kwa uwazi. Na mwenye mali naye ajue kwamba mwuzaji aliyepewa robo saa ya kimya baada ya kuhudumia watu tangu asubuhi, hurudi kwa mnunuzi na uso ulio mkunjufu. Na uso mkunjufu ni sehemu ya rasilimali ya duka.

Hanzala, sahaba wa Mtume, alidhani amekuwa mnafiki kwa kuwa moyo wake haukubaki katika hali moja: mbele ya Mtume ulikuwa kama uionao Pepo na Moto kwa macho, na nyumbani ulishughulika na mke na watoto. Mtume akamtuliza kwamba mambo ni saa na saa. Basi tusitake kwa mtu yeyote hali moja tangu alfajiri hata isha. Ana saa ya watu, na ana saa ya nafsi yake.

MWISHO WA KISA

Baada ya kuyafahamu haya tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, mchana wa siku ya mapumziko yake. Tukapiga hodi. Akatoka mamake mlangoni, akatusalimu kwa adabu, kisha akasema, "Shekhe, niwie radhi sana. Mwanangu amejilaza. Tafadhali rudi baada ya alasiri."

Hatutamficha msomaji. Kwa muda wa kupiga kope mbili, nafsi yetu iliona uzito. Tumekwenda kwa miguu juani, sisi ambao watu husimama tukipita, twaambiwa turudi! Kisha tukaikumbuka aya ambayo asubuhi ile ile tulikuwa tukiisoma, tukaona haya mbele ya Mola wetu. Tukamwambia yule mama, "Usimwamshe. Tutarudi inshallah." Na tulipokuwa tukirudi njiani tulijiona wepesi, tukafahamu kwa nini kurudi kumeitwa kuwa ni safi zaidi.

Baada ya alasiri tulirudi. Kijana alitupokea, akatuletea maji ya ndimu, akakaa kimya. Tukamwomba radhi. Akasema, "Shekhe, mimi sikukasirika. Tangu saa mbili ya asubuhi huwa nasema na watu, huyu ataka kanga, yule ataka kupunguziwa bei. Ikifika alasiri maneno yamekwisha ndani yangu. Darsa naipenda kwa kuwa pale nasikiliza tu. Lakini uliposema maneno yale nilidhani hata mahali hapo sipatakiwi." Maneno haya yalitukata kuliko lau angalitutukana.

Kwa kuwa tulimkosea mbele za watu, juma lililofuata tulimwomba radhi mbele za watu, darsani, kwa idhini yake. Sasa amerejea mahali pake karibu na nguzo. Darsa ikimalizika huchukua viatu vyake akenda bahari, na hakuna amwulizaye. Na wengine wawili, ambao miaka yote tulikuwa tukiwaona wamekaa barazani wakinywa kahawa, nao sasa huondoka mapema. Mmoja wao alitwambia kwamba kahawa ile haikuwa ikimpa raha hata siku moja, bali alikuwa akiogopa kusemwa.

Basi ndugu zetu, kila mmoja katika mtaa wake amtazame mpole aliye karibu naye, awe ni mwanawe, mkewe, mwanafunzi wake au mwuzaji wake, ampe robo saa yake bila ya kumwuliza maswali. Na atakayeambiwa mlangoni arudi baadaye, arudi na moyo mweupe.

Wabillahi taufiki.